Moteri Iliyosimama Pepa

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za garaji. Zilikuwa tatu, na mmoja kati ya hizo haujafungua kitu chochote tangu mlango wa bohari ulipobadilishwa, lakini niliandikiwa tatu nikarudisha tatu. Nyinyi mnaobaki pale mliniomba niwaandikie kidogo habari za kazi, na Mama wa biro, yule wa ofisini, akanipa daftari jipya, akisema kwa miaka niliyokaa pale ukurasa mmoja hautatosha. Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Barua zile ziliandikwa vizuri sana na nilizisoma mimi peke yangu. Mshahara nao nauacha, kwa sababu watoto wangu watasoma daftari hili, na bado wanaamini baba yao alifanya kazi yenye faida.

Nitaandika juu ya moteri moja. Hapa kwetu Kalemie injini tunaiita moteri, dereva shofere, lori kamyo, na wengi husema "njo" badala ya "ndiyo"; wasomaji wa ng'ambo ya ziwa watanisamehe.

Mwaka wa zile mbio za magari nilikuwa bado shule ya msingi. Magari yalitoka Lubumbashi, yakapewa siku tatu kufika ziwani, mchana na usiku bila kulala: kupitia Pweto, kupanda milima ya Marungu mpaka Pepa kwenye ng'ombe, kushuka Moba, kisha kuja kwetu. Kila gari lilibeba watu wawili, shofere na fundi wake. Kalemie tulikuwa na gari moja tu. Ilikuwa gari ndogo ya njano, na namba thelathini na moja kwenye milango, na taa nne kubwa usoni kama macho ya muntu aliyeshangaa. Shofere alikuwa Mukalay, kijana mrefu wa kampuni ya usafirishaji ambayo baadaye ilikuja kuniajiri. Fundi aliyekaa kando yake alikuwa Banza, ambaye aliitengeneza moteri ile miezi mingi kwa mikono yake, akiwafukuza wote waliotaka kumsaidia.

Mji mzima ulienda kungojea kwenye daraja la Lukuga. Shule zilifungwa, hata mwalimu wetu wa hesabu, aliyekuwa hacheki kamwe, alibeba kiti chake kichwani. Gari la kwanza lilifika, watu wakapiga makofi kidogo, makofi ya adabu. La pili likafika, la tatu, la sita. Ya njano haikuonekana. Ilifika siku mbili baadaye, imefungwa kamba juu ya kamyo, na Mukalay na Banza wamekaa pembeni, wamejaa vumbi hata nyusi zao hazikuonekana. Hapo ndipo niliposikia Kalemie ikipiga kelele. Akina mama walitandika vitenge barabarani. Mshindi alikuwa bado hotelini, na nasikia aliuliza ni waziri gani amefika.

Habari ilikuwa moja kila mahali: mpaka Pepa, Mukalay alikuwa mbele ya wote, mbali kabisa. Kisha moteri ikafa. Kwa hiyo Mukalay akawa shofere bora aliyewahi kuzaliwa Tanganyika, na Banza akawa fundi wa moteri iliyokufa. Wakati huo nikiwa mutoto sikuona tatizo lolote. Nilimpenda Mukalay kama wengine. Mjini likazuka neno, ambalo wazee wenu bado wanalitumia bila kujua lilikotoka: radio ikikatika katikati ya mpira, au taa zikizimika harusini, watu wanasema, "Imefanya kibanza." Nami nililitumia.

Nilipomaliza shule ya ufundi nilipokelewa garaji. Siku ya kwanza, saa moja asubuhi, nilipelekwa kwa Banza, ambaye garaji nzima ilimwita Papa, yaani baba. Sasa alikuwa muntu wa makamo, mfupi, na miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alinipa sanduku lililojaa bolti za zamani, akaniambia niketi.

"Unaona nini?" akauliza baada ya saa moja.

"Bolti, Papa."

"Angalia tena."

Saa sita aliuliza tena. Nikamwambia ziko nyingine zenye kutu na nyingine zisizo na kutu. Akaenda zake kula. Ilipofika saa kumi nilikuwa nazizungusha moja moja juani kwa hasira, na ndipo nikaona kwamba baadhi zimekonda shingoni, kidogo sana, kama muntu aliyeugua. Zilikuwa zimevutwa na muntu aliyezikaza kupita kiasi. Nilizitenga, zikawa kumi na nne.

"Kumi na tano," akasema Papa Banza bila kuzihesabu, akaokota ya kumi na tano. "Njo hizi zenye kuua batu barabarani. Kesho utaanza kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake. Alikuwa na kikopo cha rangi nyekundu na brashi nyembamba ya manyoya. Kila bolti aliyoikaza kwa mara ya mwisho aliichorea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma inachokikalia. Bolti ikilegea, au mtu akiifungua, mstari unakatika na huwezi kuurudisha sawasawa. "Mukono unasahau," alisema, "lakini mustari utauona." Mnanicheka mnaponiona na brashi yangu. Chekeni, lakini choreni.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutofungua kitu kabla ya kumuuliza shofere. Tulikuwa na kamyo moja iliyokwenda Nyunzu na kurudi. Kwenda ilikwenda vizuri, kurudi ilikosa nguvu mlimani mpaka watu wanashuka na kutembea. Mafundi watatu walikuwa wameshasafisha pampu ya mafuta, kila mmoja akidai mwenzake hakusafisha vizuri. Papa Banza hakugusa chombo. Alimketisha shofere kwenye tairi, akamuuliza alikula nini Nyunzu, alilala wapi, alipakia nini, alivaa nini. Shofere alifikiri mzee amechoka akili. Ikaonekana kwamba kurudi alipakia makaa, na kwa kuogopa vumbi la makaa lisiingie kwenye moteri alikuwa anafunga shati lake mdomoni mwa bomba la hewa. Akifika Kalemie analifungua, analifua. Papa Banza alitembea mpaka kwenye kamyo, akarudi na shati.

"Shati yako," akamwambia. "Moteri nayo inataka kupumua."

Gari ya njano ilikuwa nyuma ya garaji, chini ya turubai. Mwenye kampuni hakutaka kuiuza wala kuifungua. Kila Siku ya Mungu, baada ya misa, walikuja watu kuitazama. Mimi ni Muislamu, kwa hiyo zamu ya siku hiyo ilikuwa yangu, na nimewaona wapenzi wa gari ile kwa miaka mingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Wengi walikuwa mashofere wa kamyo na wavuvi, na mwalimu mmoja alikuja na darasa lake lote. Walivua kofia. Waligusa bawa la mbele, bati lile la juu ya gurudumu, kwa vidole viwili, polepole, kama mnavyogusa paji la mgonjwa. Papa Mukalay alikuja pia, amevaa shati jeupe, akaketi kwenye kiti, akaulizwa maswali yale yale na kuyajibu kwa upole ule ule: mlima gani ulikuwa mbaya, alivuka vipi mto, ni kweli aliendesha na taa moja? Alikuwa bado anaendesha kamyo za kampuni wakati ule, na hakuwahi kujisifu mbele yangu hata siku moja.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyemuuliza yeye moteri ilikufa kwa nini. Hilo walijibizana wao kwa wao. Papa Kilolo, kinyozi wa mtaa wa Kataki, ambaye hakukosa Jumapili hata moja, alisema pistoni ilitoboka, na alionyesha tundu lilikuwa kubwa kiasi gani kwa kidole chake. Mwingine alisema valvu ilikatika. Wa tatu alisema mafuta yote yalimwagika kwa sababu Banza alisahau kukaza kizibo. Kama yote yangekuwa kweli, moteri ile ingeletwa Kalemie kwenye sufuria. Papa Mukalay alisikiliza, akisema tu, "Moteri ni moteri."

Na Papa Banza? Alisali misa ya kwanza, akaja garaji, akaingia chini ya kamyo yoyote iliyokuwepo, akabaki humo mpaka wageni wakaondoka. Kuna siku kamyo hiyo haikuwa na ugonjwa wowote. Nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeitengeneza jana yake.

Nilimuuliza mara moja tu. Tulikuwa wawili, tunanawa mikono.

"Papa, kule Pepa ilikufa nini?"

Alisugua kucha zake muda mrefu.

"Ilisimama, Ramazani."

"Sababu gani?"

"Leta sabuni."

Papa Banza alikufa kitandani kwake, muntu wa kustaafu tayari, kabla ya vita. Mke wake, Mama Stefania, aliniletea kikopo cha rangi na brashi, kwa sababu alisema yeye hana bolti za kuchora. Kwenye matanga nilimsikia kijana mmoja, mbele ya nyumba ile ile, akisema pikipiki yake imefanya kibanza. Mama Stefania alikuwa anapita na sinia la vikombe. Hakusimama wala hakugeuka. Tangu siku ile neno lile halijatoka tena mdomoni mwangu.

Wakati wa vita magari ya kampuni yalichukuliwa moja baada ya jingine. Papa Mukalay alikuja nyumbani kwangu asubuhi moja na toroli la matofali. Tulijenga ukuta mbele ya gari ya njano, mimi na yeye, tukaupaka tope na masizi ili uonekane wa zamani, na kuweka mbele yake mapipa matupu. Wenye bunduki waliingia mara tatu. Mara ya tatu mmoja wao aliegemea ukuta ule akavuta sigara mpaka mwisho, na Papa Mukalay alisimama kando yake akimweleza kwamba hapa hakuna tena hata baiskeli. Sauti haikutikisika. Nilijiuliza siku ile muntu wa namna hii anaweza kuogopa kitu gani duniani. Jibu lilichelewa sana kunifikia.

Sasa nafika mwaka huu wangu wa mwisho kazini. Mjukuu wa mtu fulani alipiga picha ya gari ile, ambayo ukuta wake tuliubomoa vita vilipoisha, akaitia kwenye simu, na picha ikatembea. Baada ya muda mfupi akanipigia bwana mmoja wa Lubumbashi, anaitwa Fabrice, kiongozi wa kikundi cha wapenzi wa magari ya zamani ya mbio. Nilifikiri wanataka kununua. Hapana. Walitaka kuja Kalemie, watu kama thelathini, kumwona Papa Mukalay akiwa hai na gari ile ikinguruma.

"Papa Ramazani," akaniambia kwenye simu, na alikuwa karibu kulia, "baba yangu alikuwa na picha ya Papa Mukalay ukutani, kando ya picha ya ndoa. Mimi nilijua jina lake kabla sijajua jina la babu yangu."

Nilimwambia gari ipo, Papa Mukalay yupo, na moteri sijui. Mwenye kampuni wa sasa, mtoto wa yule wa kwanza, aliniruhusu kuifungua.

Nataka niwaeleze vizuri nilichokiona, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa pale mkinishikia taa na hamkujua kwa nini nilinyamaza. Nilipofuta vumbi na mafuta yaliyokauka kwenye kichwa cha moteri niliona mistari myekundu. Ilikuwa imefifia, lakini mizima, kila bolti na mstari wake, hakuna hata mmoja uliokatika. Maana yake tangu Papa Banza alipoikaza moteri ile kabla ya mbio, hakuna muntu aliyeifungua tena, wala Pepa, wala hapa.

Nikafungua. Niliishusha moteri yote, kipande kwa kipande, siku nane. Kulikuwa na kutu, kulikuwa na mipira iliyopasuka kwa uzee, na panya walikuwa wamejenga mtaa kwenye bomba la moshi. Lakini pistoni zote nne zilikuwa nzima. Valvu zilikuwa nzima. Kizibo cha mafuta kilikuwa mahali pake, na mstari wake mwekundu. Nilizipanga juu ya meza nikaziangalia kama zile bolti za siku yangu ya kwanza, tangu asubuhi mpaka saa kumi, nikitafuta ya kumi na tano. Haikuwepo. Ile moteri haikufa. Papa Banza alikuwa ametengeneza kitu kisicho na kosa, na alikwenda kaburini mji mzima ukilitumia jina lake kwa kila kitu kibovu.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Mukalay. Anakaa na binti yake, si mbali na ziwa. Nilimkuta uani anamenya karanga. Sikuzunguka.

"Papa, nimefungua moteri."

Aliendelea kumenya.

"Umekuta nini?"

"Sikukuta kitu. Nzima."

"Najua," akasema. Akaweka sahani chini. "Nimengojea muntu wa kuifungua ile kitu miaka yote. Nilifikiri njo wewe, wakati ule tunajenga ukuta. Ukashika matofali tu."

Akanieleza. Ilikuwa alfajiri ya siku ya tatu, juu Pepa, ukungu na baridi. Walikuwa hawajalala tangu Lubumbashi. Mara akafumbua macho, na barabara haikuwepo. Gari ilikuwa inakwenda yenyewe kwenye majani, kati ya ng'ombe, na ng'ombe wanajitenga huku na huku bila haraka. Aligeuza shingo akaona njia ya magurudumu yake nyuma kwenye umande. Ilikuwa imepita hatua mbili tu kutoka kwa mchungaji aliyekuwa anaota moto na mke wake na mutoto mgongoni. Wale watu hawakukimbia, walikuwa hawajapata muda wa kukimbia. Walikuwa wanamwangalia.

"Nilizima mimi mwenyewe," akasema Papa Mukalay. "Kwa mukono huu. Moteri ilikuwa inaimba, Ramazani. Nikazima. Mukono ukakataa kuwasha tena. Banza akaniambia, toka, niendeshe mimi. Nikamwambia hapana, na wewe umechoka, tutaua batu. Tukakaa pale. Gari nyingine zikaanza kupita, moja, mbili."

"Na Papa Banza alikuwa wapi ulipolala?"

"Kando yangu. Amelala pia. Kazi yake ilikuwa kunisemesha nisilale." Alinitazama. "Wakaja wasimamizi wa mbio, wakauliza, kuna nini? Mimi mudomo umekauka. Banza njo alijibu. Akasema, moteri imekufa."

Nilikuwa nimekuja na hasira na sasa sikujua niiweke wapi.

"Lakini baadaye, Papa? Jumapili zote zile?"

"Kila Siku ya Mungu nilingojea atoke chini ya kamyo aseme. Angesema, ningekubali palepale. Nafikiri naye alikuwa anangojea mimi." Akachukua karanga moja akaiweka tena sahanini. "Halafu akafa, na batu wakaendelea kuvua kofia."

Sikumwambia aseme ukweli. Umri wake na wangu hauruhusu. Nilimwambia tu nitakachosema mimi. Wageni wale ni watu wa magari, wataniuliza mimi fundi moteri ilikufa nini, na mimi nitawajibu kwamba haikufa. Mengine ni yake. Binti yake akatuletea chai ambayo hatukuinywa.

Nilirudi garaji nikaifunga moteri upya. Bolti nilizikaza mimi, na mistari niliichora juu ya mistari ya Papa Banza, nikijitahidi brashi ipite palepale ilipopita yake. Kisha nikapita nyumbani kwa Mama Stefania kumwomba aje siku ya wageni. Aliniuliza kwa nini. Nikasema gari itawashwa. Akasema yeye gari ile haidai kitu, lakini atakuja kwa sababu nimemwita mimi.

Wageni walifika. Nyinyi mlikuwepo, mliona: watu wazima wenye kazi kubwa wakisimama mlangoni, wanaogopa kuingia. Fabrice alipiga magoti kando ya mlango wenye namba thelathini na moja, akalia waziwazi. Mwingine alinusa kiti. Mashofere wetu wa kamyo walikuja pia, na Papa Kilolo kinyozi alikuja na fimbo mbili na suti. Mama Stefania aliketi nyuma, karibu na mapipa. Walipomleta Papa Mukalay walipiga makofi mpaka akainua mkono kuwaomba waache. Nimejiuliza tangu zamani watu hupenda nini kwenye jambo hili. Kasi yenyewe hawakuiona. Ushindi haukuwepo. Wengi wa wale thelathini walikuwa hawajazaliwa. Na bado macho yao yalikuwa yale yale niliyoyaona kwenye daraja la Lukuga.

Walianza na maswali ya milima na mito. Kisha Fabrice akageuka kwangu, simu mkononi inarekodi.

"Papa fundi, wewe umeifungua. Tuambie sasa. Ilikufa nini kule Pepa?"

Nilifungua mdomo. Papa Mukalay akaniwahi.

"Usimuulize yeye," akasema. "Nililala."

Wakadhani wamesikia vibaya. Akasimama, akashika paa la gari, akasema yote: ukungu, ng'ombe, mchungaji na mke wake na mutoto, mkono uliozima. Hakuruka kitu. Alisema Banza naye alikuwa amelala, na kwamba Banza alisema uongo mara moja ili kumfunika mwenzake, na kwamba yeye Mukalay aliuacha uongo ule uishi kwa sababu ulikuwa mtamu kwake. "Mulinipigia makofi kwa moteri iliyokufa," akasema. "Haikukufa. Banza hakukosea kitu. Hata kimoja."

Fabrice aliishusha simu yake pole pole akaizima. Nilidhani wataondoka. Papa Kilolo akagonga fimbo chini.

"Hapana," akasema kwa sauti kubwa. "Pistoni ilitoboka." Akatazama huku na huku kutafuta wa kumuunga mkono. "Papa Mukalay amezeeka, anasahau."

Hakuna aliyecheka. Kisha shofere mmoja wa kamyo, baba wa watoto saba, muntu ambaye hajawahi kuniambia kitu kuhusu yeye mwenyewe zaidi ya hali ya breki zake, akasema kutoka nyuma, "Mimi nililala njia ya Nyunzu. Mara mbili." Na mwingine akasema, "Mimi njia ya Bendera, na batu juu ya mizigo." Wa tatu aliinua tu mkono. Hawakuwa wanamwangalia Papa Mukalay. Walikuwa wanaangalia chini, kama watu wanaosubiri kuungama kwa padri. Fabrice alimshika mzee mkono wake kwa mikono yake miwili, na sikusikia alichomwambia.

Hapo Mama Stefania akasimama. Watu walimpisha bila kumjua ni nani, kisha wakanong'onezana, wakampisha zaidi. Papa Mukalay alimwona anakuja, akavua kofia yake. Alitaka kusema kitu, lakini Mama Stefania alimpita, akaja mpaka kwangu.

"Ramazani. Ni kweli ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Mama. Nimeichunguza siku nane."

"Yote?"

"Yote."

Aliigeukia gari.

"Alikuwa anarudi nyumbani ananuka mafuta, miezi ile," akasema. "Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, nilikuwa namfukuza alale nje. Hakunionyesha kamwe ile kitu inafanya nini." Akakunja kitenge chake vizuri kiunoni. "Washa basi."

Niliketi kwenye kiti cha shofere. Mara ya kwanza ilikohoa, moshi mweusi ukatoka na nyasi za panya ambazo nilifikiri nimezimaliza. Mara ya pili ikashika. Ilitetemeka kidogo, nikaipa mafuta, ikatulia, kisha ikanguruma sawasawa, na ukuta mzima wa garaji ukaitikia. Wageni walisogea nyuma. Mama Stefania hakusogea. Aliweka kiganja juu ya bawa la mbele, kiganja chote, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Maji ya kupoza moteri yalianza kupata moto. Nilimwangalia Mama Stefania, nikapeleka mkono kwenye ufunguo niizime.

"Acha kwanza," akasema bila kufumbua macho. "Bado."